Tusibahatishe Jina la Samaki

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa kiza. Mimi naona kipo kiza kizito zaidi, nacho ni cha mtu anayedhani kwamba anajua. Mwanafunzi akionyeshwa kiumbe asichokifahamu, aghalabu hutaja jina lolote lililo karibu na ulimi wake, na mwalimu naye huridhika. Leo nataka kuipinga tabia hiyo, na shahidi wangu ni kambare mdogo anayefugwa katika matangi ya vioo.

Kambare huyo ni wa jenasi ya Synodontis, ambao wavuvi wa Tanzania huwaita gogogo. Ana sharubu na miiba migumu mapezini, na akishikwa hulia kwa kuisugua miiba hiyo kwenye mifupa inayoishikilia. Katika Ziwa Tanganyika wamo wadogo wenye madoa meusi na mapezi yenye kingo nyeupe, wanaopendwa mno na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi waliuzwa kwa jina moja, Synodontis petricola, ambalo Matthes alilitoa mwaka wa 1959. Wafugaji walipoona kwamba baadhi yao hawakui sana, waliwaita petricola kibeti, mambo yakaishia hapo.

Mwaka wa 2006, Jeremy Wright na Lawrence Page walichapisha uchunguzi wao kuhusu kambare hao wa Tanganyika. Walibainisha spishi tatu zilizokuwa hazijapewa majina. Kibeti yule akaitwa Synodontis lucipinnis, yaani mwenye mapezi ya nuru, kwa kuwa mapezi yake yana sehemu angavu kwenye mashina. Wa pili akaitwa Synodontis grandiops kwa ajili ya ukubwa wa macho yake. Wa tatu ni Synodontis ilebrevis, mwenye utumbo mfupi. Alama ya kwanza na ya pili mwangalifu huziona kiooni. Ya tatu haionekani mpaka samaki apasuliwe!

Hapo ndipo penye funzo. Swali la kwanza halipaswi kuwa "Anaitwaje?" bali "Ametoka wapi?" Wapo gogogo wanaozalishwa na wafugaji kwa kuchanganya spishi mbili, na mchanganyiko huo hauna jina katika kitabu chochote cha spishi. Baada ya asili huja kupima, kuhesabu na kulinganisha. Jina huja mwisho.

Pengine msomaji atauliza, jina hilo litamfaa nani? Nami najibu kwamba spishi mbili zikifichwa chini ya jina moja, moja inaweza kutoweka katika sehemu ya ziwa pasipo mtu kushtuka, maana ndugu yake angali anahesabiwa kwa jina lile lile. Hatuwezi kukihifadhi kitu ambacho hatujakitofautisha.

Kutojua si aibu. Mwaka wa 1988 jarida moja la Ujerumani la wafugaji wa samaki lilianza kuwapa kambare wa Amerika Kusini wasiojulikana herufi L na nambari, badala ya kuwabunia majina. Yule mwenye milia kama punda milia, kutoka mto Xingu nchini Brazili, alijulikana kwa nambari L46 hadi mwaka wa 1991, wataalamu walipomwita Hypancistrus zebra. Nambari ile ilikuwa ungamo la kweli: tumemwona, bado hatujamjua.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: mwanafunzi akiandika "Sijui bado, lakini nimeona sharubu, miiba na madoa haya," mpeni alama zake. Huyo ameianza sayansi. Aliyebahatisha jina, hata likitokea kuwa sahihi, hajaianza.