Nani afungwe kwanza? Swali dogo linaloweza kukwamisha pesa ya simu

Mvuvi wa kisiwa cha Chula amemuuzia kamba koche mnunuzi wa Kismayo. Mnunuzi anabofya simu kumtumia dola 40. Dakika ileile, mvuvi naye anabofya kurudisha dola 15 za petroli na barafu alizokopeshwa na mnunuzi huyohuyo safari iliyopita. Ujumbe hauji, si kwa huyu wala kwa yule. Alama ya kusubiri inazunguka kwenye kioo cha simu, barafu inayeyuka, na maji yanaanza kukupwa.

Katika hali kama hiyo wa kwanza kulaumiwa ni mnara, na mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini kuna ugonjwa mwingine wa kompyuta ambao unaweza kusimamisha kazi hata kama mnara ni mzima, umeme upo na salio linatosha. Wahandisi wanauita mkwamo wa makufuli.

Mfano huo ni wa kueleza jambo tu, haumhusu mtu wala kampuni yoyote. Uzito wa jambo lenyewe, hata hivyo, unajulikana na kila anayefanya biashara kuanzia Ras Kamboni hadi Kismayo. Somalia ni nchi ambayo pesa ya simu, kwa dola, imeshika nafasi ya noti. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2018 kwamba miamala ya simu nchini humo ilifikia milioni 155 kwa mwezi, yenye thamani ya dola bilioni 2.7. Na tangu Machi 2024, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye simu iliyokwama huko hana mkoba wa pili wa kukimbilia.

Kwa nini kuwe na makufuli kwanza? Chukua salio la mnunuzi kuwa dola 100, limeandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Makarani wawili wanausoma kwa pamoja. Wa kwanza anatoa 40, anaandika 60. Wa pili, ambaye bado ana 100 kichwani, anaongeza 15 na kuandika 115 juu yake. Hesabu sahihi ni 75, na dola 40 zimetoka bila kuonekana. Ndiyo maana programu hufunga ukurasa kabla ya kuugusa, na karani mwingine husubiri hadi ufunguliwe.

Tatizo ni kwamba kutuma pesa kunagusa kurasa mbili. Karani wa mnunuzi amefunga ukurasa wa mnunuzi, anangoja wa mvuvi. Karani wa mvuvi amefunga ukurasa wa mvuvi, anangoja wa mnunuzi. Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake, na hakuna aliyeagizwa kuachia. Ni kama wafanyabiashara wawili bandarini, mmoja amepata nafasi gatini lakini hana wachukuzi, mwingine amewakodi wachukuzi wote lakini chombo chake hakina nafasi. Hakuna mwizi hapo wala mkorofi, na bado mzigo haushuki.

Dawa ilijulikana zamani. Mwaka 1968, J. W. Havender wa kampuni ya IBM alieleza kwamba vitu vinavyogombewa vikipangwa kwa mfuatano mmoja, na kila anayevihitaji akavichukua kwa mfuatano huo bila kurudi nyuma, duara la kungojana haliwezi kufungika. Kwa daftari letu kanuni ni nyepesi: yenye namba ndogo ifungwe kwanza, awe anatuma au anapokea. Makarani wote wawili wataanzia ukurasa uleule. Mmoja atautangulia, mwingine atasubiri kidogo, kazi itaisha.

Kanuni ni nyepesi, utii wake ndio kazi. Na mahali unapojaribiwa zaidi si kwenye daftari la pesa, bali chini yake, kwenye mfumo wa faili, yaani sehemu inayopanga picha, risiti na kumbukumbu zote ndani ya simu na seva.

Simu zote za Android zina kiini cha Linux. Programu moja ikihamisha risiti kutoka folda A kwenda B, na nyingine ikihamisha picha kutoka B kwenda A, hadithi ya mvuvi na mnunuzi inajirudia. Tena hapa ni ngumu zaidi, kwa sababu folda huwa ndani ya folda, na folda nzima inaweza kuhamishwa wakati wewe bado unatafuta ipi ni mzazi wa ipi. Waandishi wa Linux waliamua hivi: anayetaka kuhamisha kitu kati ya folda mbili ashike kwanza kufuli moja kuu la uhamisho kwa mfumo huo wa faili, ili mpangilio usibadilike akiwa kazini. Kisha folda ya juu ifungwe kabla ya iliyo ndani yake. Alexander Viro, mtunzaji wa sehemu hiyo, aliandika maelezo marefu ya kuthibitisha kwamba utaratibu huo haukwami, na maelezo hayo yamo ndani ya Linux yenyewe.

Lakini Linux inaandikwa na maelfu ya watu, na mmoja akisahau mfuatano, kosa linaweza kukaa miaka bila kujitokeza hadi siku mambo mawili yakutane kwa bahati mbaya. Mwaka 2006 Ingo Molnár alileta mlinzi anayeitwa lockdep. Hukumbuka kufuli lipi lilifungwa huku lipi likiwa limeshikwa. Akiona asubuhi A kabla ya B, na mchana mahali pengine B kabla ya A, anapiga kelele hata kama hakuna kilichokwama bado. Kwa kuwa anapunguza kasi, kawaida hutumiwa wakati wa majaribio, si kwenye simu ya mteja.

Daftari za pesa zina njia ya pili. Programu ya PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikingoja kufuli kwa sekunde 1 huchunguza kama kuna duara. Ikilikuta, huvunja muamala mmoja na kurudisha kila kitu ulichokuwa umegusa, ili mwingine upite. Kiini cha simu hakina anasa hiyo ya kufuta na kuanza upya katikati ya kazi, kwa hiyo kuzuia kunabaki kuwa njia kuu. Kuna pia wanaoshauri kuachia na kujaribu tena, lakini aliyepishana na mtu kwenye vichochoro vya Lamu anajua: wote mkikwepa upande mmoja, mtakwepana mpaka jioni.

Kadiri malipo ya shilingi za Kenya na dola za Kismayo yanavyoungana, daftari hazitakuwa tena za kampuni moja, wala mlinzi mmoja hataziona zote. Hakuna mhandisi makini atakayeshika kufuli Mogadishu huku akingoja jibu la Nairobi. Kawaida pesa hutengwa kando upande wa mtumaji, ukurasa ukafunguliwa, kisha upande wa pili ukaandikiwa kwa hatua yake.

Kwa mnunuzi aliyesimama gatini, hili lina maana moja ya karibu. Muamala uliovunjwa ili kuondoa mkwamo mara nyingi hurudiwa na mfumo wenyewe baada ya muda mfupi. Akibofya tena kwa haraka anaweza kulipa mara mbili. Aangalie salio kwanza, na namba ya muamala, ndipo atume.