NATI YA SPROKETI YA MBELE

Ndugu Wanachama,

Siku hizi karafuu nyingi hutoka shamba kwenda kituoni kwa pikipiki, na aghalabu pamoja na gunia hupakiwa na mtu. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze ila moja iliyojificha, nayo ni kulegea kwa nati ya sproketi ya mbele, yaani kile kigurudumu cha meno kinachouvuta mnyororo.

Sababu zake ni hizi. Ukivuta mafuta mnyororo hukaza, ukiachia hurudi. Huko kwenda na kurudi huitikisa sproketi juu ya shafti. Ikiwa meno yake ya ndani yamelika, au mnyororo umekazwa mno, au fundi amerudisha washa kuukuu, nati hufunguka kidogo kidogo.

Dalili zake ni mlio wa kugonga karibu na injini kila ukivuta au kuachia mafuta, mnyororo kwenda upande, na unga mwekundu wa kutu penye shafti. Msizipuuze. Sproketi ikichomoka, mnyororo waweza kujikunja ukapasua ganda la injini au ukalifunga gurudumu la nyuma. Na mteremkoni injini haizuii tena. Hubaki breki peke yake, na mzigo uko mgongoni.

Dawa yake:

1. Zima injini, iache ipoe, fungua kifuniko, kisha safisha udongo na grisi.

2. Tia gea, uitikise sproketi kwa mkono. Ikicheza sana huku shafti imetulia, meno yamelika, nunua mpya. Ikiwa yaliyolika ni ya shafti, hiyo ni kazi ya fundi wa injini.

3. Kunjua ulimi wa washa. Mnyororo ukiwa mahali pake, mwenzio akanyage breki ya nyuma, nawe ufungue nati. Safisha nyuzi zisibakie na mafuta.

4. Tia washa mpya. Kaza nati kwa spana ya kupimia, kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha pikipiki hiyo, kisha kunja ulimi juu ya ubapa wa nati. Tindo na nyundo si spana.

5. Legeza mnyororo kwa kadiri ya kitabu, na baada ya siku chache tazama tena.

Pikipiki nyingi ndogo hazina nati hiyo, bali kibati chenye boliti mbili. Kibati kikilika kibadilishwe, na boliti zitiwe gundi ya nyuzi.

Wako wanaoichomelea sproketi kwenye shafti. Twawasihi wasifanye hivyo: moto huunguza sili ya oili, na siku meno yatakapokwisha hapana budi injini yote ifunguliwe.

Washa ni kitu kidogo, na kuikunja ni kazi ya dakika moja. Basi kabla majamvi hayajatandikwa, kila mwenye pikipiki na afungue kifuniko atazame. Karafuu iliyomwagika huokotwa. Mtu aliyeanguka huenda asiinuke.

Wassalaam,
Katibu