Stockholm: Kompyuta yawasaidia bakteria kusafisha majitaka

Mji mkuu wa Sweden, Stockholm, upo kati ya Ziwa Mälaren, ambako wakazi wake hupata maji ya kunywa, na Bahari ya Baltiki, ambako majitaka yao huishia. Kabla ya kufika baharini, majitaka ya majumbani na ya viwandani husafishwa katika mitambo iliyochimbwa ndani ya miamba. Mtambo wa Henriksdal ulifunguliwa mwaka 1941, na ule wa Käppala, katika kisiwa cha Lidingö, ukaanza kazi mwaka 1969.

Ni huko Käppala ambako katika miaka ya 1970 mtaalamu Gustaf Olsson na wenzake walijaribu jambo lililokuwa geni wakati huo: kuiachia kompyuta udhibiti wa hewa.

Kwa nini hewa? Kazi kubwa ya kusafisha majitaka hufanywa na bakteria, ambao hula uchafu na huhitaji oksijeni kama sisi. Ikipungua, hulegea au hufa, na uchafu hupita kuelekea baharini. Ikizidi, umeme hupotea bure, na ieleweke kwamba kupuliza hewa ndiko kunakomeza umeme mwingi zaidi katika mitambo ya aina hii. Kiwango kinachotafutwa mara nyingi ni karibu miligramu 2 za oksijeni katika kila lita ya maji. Kifaa kilichozamishwa majini hupima kiwango hicho, kompyuta hulinganisha na kile kinachotakiwa, kisha huongeza au hupunguza hewa, usiku na mchana.

Hata hivyo, kompyuta huamini lolote inaloambiwa. Kifaa hicho kikiota utelezi, bakteria walioko kwenye utelezi huo huimaliza oksijeni iliyo jirani nacho. Kipimo husoma chini, na kompyuta huzidisha hewa isiyohitajika. Dawa yake si ya ajabu: ni mfanyakazi mwenye brashi anayekisafisha mara kwa mara.

Hatari kubwa zaidi hutoka viwandani. Tuseme kiwanda kimemwaga sumu katika mabomba ya majitaka. Bakteria wanaanza kufa na hawatumii tena oksijeni. Badala ya kushuka, oksijeni inataka kupanda; kompyuta nayo inapunguza hewa, na kipimo kinabaki pale pale kwenye miligramu 2. Anayetazama kipimo hicho peke yake atadhani mambo ni shwari, kumbe mtambo unakufa. Habari ya kweli iko kwenye mashine za kupulizia: hewa inayohitajika imeshuka ghafla bila majitaka kupungua. Kwa hiyo msimamizi mzoefu hutazama namba zote mbili. Bakteria wakishakufa, huweza kuchukua majuma kadhaa kurejesha wengine.

Katika Afrika Mashariki miji mingi hutumia mabwawa ya wazi, kama yale ya Dandora jijini Nairobi, ambako oksijeni hutoka kwa mwani na upepo. Huko hakuna mashine ya kupuliza hewa ambayo ingeweza kutoa dalili hiyo. Sumu ya kiwandani haina budi kupimwa mapema zaidi, pale majitaka yanapotoka kwenye lango la kiwanda chenyewe.