Azima Kipimo Maktaba, Pima Hewa ya Nyumba Yako

Ubao wa matangazo wa maktaba ya umma katika miji ya Marekani na Kanada hubeba mambo mengi kwa pamoja: ratiba ya chanjo ya mafua, siku ya kukusanya betri chakavu na rangi zilizobaki, saa ya hadithi za watoto, mkutano wa wakazi wa mtaa. Novemba nchini Kanada na Januari nchini Marekani ni miezi iliyotengwa kwa jambo ambalo tangazo lake ubaoni ni rahisi mtu kulipita bila kusimama: kupima gesi ya radoni majumbani.

Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, sasa wanaishi Iowa, Minnesota, Ohio, Winnipeg na Edmonton. Wengi wao hupanga nyumba zenye chumba cha chini ya ardhi, ile besimenti ambayo kodi yake huwa nafuu na ambako mara nyingi ndiko watoto hulala. Tangazo hilo linawahusu wao kuliko watu wengine wengi.

Radoni haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiwashi macho wala haimkohozi mtu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika nchi nyingi gesi hii ndiyo chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na kwamba kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani hizo hutokana nayo, kutegemea nchi. Kwa Marekani peke yake, wakala wa serikali wa ulinzi wa mazingira, EPA, unakadiria kuwa radoni husababisha vifo 21,000 kila mwaka. Kati ya hao, takriban 2,900 ni watu ambao hawajawahi kuvuta sigara.

Inatoka wapi?

Karibu kila udongo na kila mwamba duniani una chembechembe za madini ya urani. Atomu ya urani haitulii. Polepole mno, kwa kipimo cha mabilioni ya miaka, huvunjika na kugeuka elementi nyingine, nayo hiyo huvunjika tena, mpaka mnyororo unafika kwenye radiamu. Radiamu ikivunjika huzaa radoni. Hapo ndipo mambo yanabadilika, kwa sababu urani na radiamu ni vitu vigumu vinavyokaa ndani ya jiwe, lakini radoni ni gesi. Inatoka kwenye jiwe, inapenya kwenye matundu ya udongo na kupanda juu.

Ikitokea uwanjani, upepo huitawanya na haina madhara makubwa. Ikitokea chini ya nyumba, hupita kwenye nyufa za sakafu ya zege, kwenye maungio ya ukuta na msingi, na pembeni mwa mabomba ya maji, kisha hujikusanya ndani. Nusu ya radoni iliyopo huvunjika kila baada ya siku 3.8, muda unaotosha kabisa kuingia chumbani na kuvutwa na mtu aliyelala.

Madhara yenyewe hufanywa zaidi na vizazi vya radoni kuliko gesi hiyo. Radoni ikivunjika hutoa poloni, ambayo ni kitu kigumu. Chembe hizo ndogo mno hushikana na vumbi la hewani, na mtu akivuta pumzi hunasa kwenye utando wa njia za hewa. Hapo hutoa mionzi ya alfa. Mionzi hii ni dhaifu kwa kupenya, kiasi kwamba karatasi moja huizuia, na ngozi ya nje ya mwili wetu, ambayo seli zake zimekwisha kufa, huizuia pia. Ndani ya mapafu hakuna ngozi ya namna hiyo. Alfa hupiga seli hai moja kwa moja na kukata nyuzi za vinasaba. Seli nyingi hujitibu au hufa. Chache hubaki na kosa, na miaka mingi baadaye kosa hilo huweza kuwa saratani.

Ushahidi wa haya ni wa zamani. Wachimbaji wa madini wa Schneeberg, Ujerumani, walioivuta radoni migodini, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua kwa karne nyingi kabla ya madaktari kutambua mwaka 1879 kuwa ni saratani ya mapafu. Mwaka 1988, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka radoni katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Lakini watu wa kawaida walizinduka kuhusu nyumba zao mwishoni mwa mwaka 1984. Stanley Watras, mhandisi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akipita kwenye mashine ya kupima mionzi kazini na mashine ikilia. Kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme, kwa hiyo mionzi haikuweza kutoka hapo. Wataalamu walipokwenda kupima nyumbani kwake walikuta takriban bekereli 100,000 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Alikuwa akiichukua mionzi nyumbani na kwenda nayo kazini.



Bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. WHO inashauri nchi ziweke kiwango cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana kisizidi 300. Kanada imeweka 200. Marekani hutumia kipimo kingine, pikokyuri 4 kwa lita, ambacho ni sawa na bekereli 148. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa. WHO inakadiria kwamba kila wastani wa muda mrefu unapopanda kwa bekereli 100, hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takriban asilimia 16.

Kwa nini nyumba za baridi?

Nyumba za nchi za baridi hujengwa kwa kuzibwa vizuri ili joto lisitoke. Wakati wa kipupwe madirisha hufungwa kwa miezi. Hewa iliyopashwa moto hupanda na kutoka kwenye dari na paa, na nafasi yake hujazwa na hewa inayovutwa kutoka chini. Nyumba nzima huwa kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija, ila kinachovutwa hapa ni hewa ya udongoni pamoja na radoni yake. Besimenti, iliyo karibu zaidi na udongo, ndiyo hupokea sehemu kubwa.

Udongo nao una mchango wake. Iowa, ambako familia nyingi za Wakongo na Warundi zimepata kazi na makazi, kaunti zake zote 99 zimewekwa na EPA katika kundi la hatari ya juu. Barafu kuu za zama za kale zilisaga miamba ya kaskazini na kumwaga unga wake huko. Minnesota, kwa mujibu wa idara yake ya afya, takriban nyumba mbili katika kila tano zina radoni iliyozidi kiwango. Hata hivyo, ramani haimwambii mtu hali ya nyumba yake. Nyumba mbili zilizopakana ukuta kwa ukuta zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ya ufa mmoja tu, au aina ya msingi, au namna hewa inavyozunguka. Njia ya kujua ni kupima.

Kinachofanywa na maktaba

Katika majimbo ya Nova Scotia na British Columbia nchini Kanada, mashirika yanayoshughulikia afya ya mapafu yameshirikiana na maktaba za umma ili vipimo vya radoni viazimwe kama vitabu. Maktaba kadhaa za Marekani nazo zina utaratibu huo. Mtu hutoa kadi yake ya maktaba, hupewa kiboksi chenye kifaa kidogo cha kidijitali na karatasi ya maelekezo, na hukaa nacho kwa muda uliopangwa na maktaba hiyo. Halipi chochote. Kifaa kama hicho dukani huweza kugharimu zaidi ya dola mia moja, fedha ambayo familia mpya ina mahali pengi pa kuipeleka kabla ya kufikiria gesi isiyoonekana.

Matumizi yake ni mepesi. Kiweke katika chumba cha chini kabisa ambacho watu hukaa au kulala, juu ya meza au rafu, kwenye kimo ambacho mtu huvutia pumzi. Kisiwe karibu na dirisha, mlango wa nje wala kitoa joto. Usikiweke jikoni wala bafuni, kwa sababu mvuke na feni huvuruga vipimo. Kisha kiache. Saa za kwanza namba hurukaruka, isikutie hofu wala isikupe raha. Radoni hupanda usiku na kushuka mchana, hupanda mvua au theluji ikifunika udongo na kushuka madirisha yakifunguliwa. Cha maana ni wastani, na kadiri siku zinavyokuwa nyingi ndivyo wastani unavyoaminika. Ndiyo maana wizara ya afya ya Kanada inashauri kipimo cha uamuzi kidumu angalau miezi mitatu katika msimu wa baridi. Kifaa cha maktaba cha wiki chache kinakupa dalili. Kikionyesha namba kubwa, fuatisha kipimo cha muda mrefu kabla ya kutumia fedha kwenye marekebisho.

Namba ikithibitika kuwa juu, dawa ipo na inafanya kazi. Fundi aliyehitimu hutoboa sakafu ya zege, huingiza bomba hadi kwenye udongo au kokoto zilizo chini yake, na huliunganisha na feni inayozunguka mchana na usiku. Hewa ya chini ya nyumba huvutwa na kutolewa nje kabla haijapata nafasi ya kuingia ndani. Mfumo huo, pamoja na kuziba nyufa, huweza kupunguza radoni hadi kwa asilimia 99. Kwa mpangaji, hatua ya kwanza ni kumwandikia mwenye nyumba na kumwambatishia picha ya kipimo. Wakati mnasubiri, wahamisheni wanaolala besimenti wapande juu inapowezekana.

Na kama kuna mvutaji sigara nyumbani, hili linamhusu mara mbili. EPA inakadiria kwamba katika nyumba zenye pikokyuri 4, kati ya watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta, 7 huweza kupata saratani ya mapafu katika maisha yao. Kati ya wavutaji 1,000, ni 62. Sigara na radoni zikikutana huongezeana nguvu.

Na huku nyumbani?

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki hazina besimenti wala mfumo wa kupasha joto, na madirisha hukaa wazi. Hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu hewa inayopita ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya radoni. Lakini ardhi yetu nayo ina urani: Mto Mkuju wilayani Namtumbo, Bahi mkoani Dodoma, na fosfati ya Minjingu mkoani Manyara. Kilima cha Mrima, Kwale, kinajulikana kwa mionzi ya asili ya kiwango cha juu kutokana na madini ya thori, ambayo huzaa gesi ya aina ya radoni inayodumu kwa muda mfupi zaidi. Na miji yetu inabadilika: ofisi na nyumba za viyoyozi zinazofungwa kutwa zinaongezeka, na maghorofa yanachimbwa kwenda chini. Mazoea ya kupima yanafaa kuanza mapema.

Somo kubwa zaidi linazihusu maktaba zenyewe. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, imekuwa ikiwahudumia wananchi tangu Desemba 1967. Kenya ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Garissa kwa kutumia ngamia. Taasisi hizi tayari zina kitu ambacho zahanati nyingi hukitamani: mlango ulio wazi kwa kila mtu, mgonjwa na mzima, bila kuulizwa amekuja kutibiwa nini. WHO inakadiria kuwa zaidi ya watu wazima bilioni moja duniani wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Mashine ya kupima presha inayoazimwa kwa kadi ya maktaba, au iliyowekwa mezani pamoja na maelezo ya Kiswahili fasaha, ingewafikia watu ambao bango peke yake haliwafikii. Vivyo hivyo kwa kipima mvua na vipimo vya maji ya kisima.

Habari ya afya isiyompa mtu namna ya kujipima ni nusu ya habari. Inamwachia hofu, au inamwachia usahaulifu. Maktaba zilizoweka kipimo kando ya tangazo zimeikamilisha, na zinastahili kuigwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye Des Moines, Minneapolis au Halifax: ukienda kurudisha vitabu vya watoto, muulize mkutubi kama wana kipimo cha radoni. Kama hawana, waombe wakitafute, kwa sababu maktaba mara nyingi hununua kinachoombwa na wasomaji wake. Ukishapima nyumba yako, mwambie na jirani. Nawe uliye huku nyumbani, fungua madirisha kila asubuhi, na siku utakapoingia katika maktaba ya wilaya yako, waulize wanaweza kuanza na kipimo gani.