Jua Linavyojenga Mwamba wa Bahari Yetu

Mkazi wa Kisauni anayejenga kwa mawe ya matumbawe anatumia kazi iliyofanywa na jua. Mawe hayo, kama yale yanayochimbwa Bamburi kwa kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, ni mwamba uliokua chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita.

Kazi hiyo ingali inaendelea mbele ya ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta na, ng'ambo ya kivuko, mbele ya Shelly Beach, Likoni. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo laini. Wanyama hawa huchukua madini yaliyoyeyuka katika maji ya bahari na kuyagandisha kuwa fuwele za chokaa, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya miili yao huishi vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kuwapa wenyeji wao sehemu kubwa. Ndiyo maana mwangani chokaa huwekwa kwa kasi ya takriban mara 3 kuliko gizani.

Basi maji yakichafuka, ujenzi unazorota. Wakati wa masika mvua husomba udongo kutoka viwanja vilivyofyekwa na mitaro iliyoziba hadi baharini, nao hukata mwanga na kuyafunika matumbawe. Maji taka hustawisha mwani unaoyatilia kivuli. Mikoko ya Port Reitz, upande wa Changamwe, hunasa sehemu ya tope hilo. Kila mkoko unaokatwa kwa kuni hupunguza kinga hiyo.

Kinachohatarishwa si mandhari ya watalii tu. Mwamba huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na ndiko samaki wanakozaliana.

Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipoteza vijimea vyake, yakapauka, na mengi yakafa katika pwani ya Kenya. Joto hilo mkazi wa Mishomoroni hawezi kulizuia peke yake. Tope anaweza.

Anayejenga afunike rundo la udongo na mchanga kabla ya mvua, na asimwage mabaki ya saruji mtaroni. Maji yanapokupwa, tusikanyage matumbawe wala kuyang'oa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na KWS, kuvua samaki na kuokota matumbawe au makombe ni marufuku.