Shelisheli: Msitu wa ukungu na kuta za watoto waliokombolewa utumwani

Mgeni anayefika Shelisheli kwa mara ya kwanza hutazama bahari, wala si ajabu, kwa kuwa matangazo ya utalii humwelekeza huko. Lakini akiwa katika mji mkuu, Victoria, akiipa bandari kisogo, ataona mlima ambao mara nyingi kilele chake kimejifunika wingu. Huo ni Morne Seychellois, wenye kimo cha mita 905, mrefu kuliko yote nchini humo. Tangu mwaka 1979 mlima huo na safu inayouzunguka ni Hifadhi ya Taifa yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 3,000, takribani moja ya tano ya kisiwa cha Mahé.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hifadhi hiyo ina mambo mawili yanayostahili safari. La kwanza ni msitu wa ukungu wenyewe. La pili ni magofu yaliyomo ndani yake, ambayo historia yake inaanzia kwenye pwani yetu.

Barabara ya Sans Souci hupanda kutoka Victoria kwa kona kali na nyembamba, ikakatiza mlima hadi pwani ya magharibi. Basi la kwenda Port Glaud hupita huko. Unapopanda, pande zote mbili umefunikwa na miti, na harufu ya majani yake huingia dirishani. Wageni wengi hudhani hapo ndipo msitu wa kale unapoanzia. Hawajui kwamba wanautazama mti wa jikoni: mdalasini.

Mdalasini si mti wa asili wa Shelisheli. Wafaransa, ambao walikuwa wameanza kukaa katika visiwa hivyo visivyo na watu mwaka 1770, walianzisha bustani ya viungo huko Anse Royale mwaka 1772, wakitumaini kuvunja ukiritimba wa Waholanzi katika biashara hiyo. Mwaka 1780 ilionekana meli iliyodhaniwa kuwa ya Waingereza, na bustani ikachomwa moto ili isiangukie mikononi mwa adui. Baadaye ikabainika kwamba meli ilikuwa ya Wafaransa wenyewe. Lakini mdalasini haukutoweka: ndege walibeba mbegu zake hadi milimani, na misitu ya asili ilipokatwa kwa ajili ya mbao na mashamba, mti huo ukashika nafasi iliyoachwa. Leo ndio unaotawala miteremko ya chini na ya kati ya Mahé. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kijani kinachomvutia mpita njia haijafikisha hata miaka 250.

Msitu wa kale umebaki juu, pale wingu linapogusa ardhi.

Tofauti huonekana kwa macho. Miti hupungua kimo na kupinda. Magogo, mawe na hata matawi membamba huvikwa mimea midogo laini ya kijani, iliyoshikana kama zulia lililoloa. Kangaga huota juu ya miti, si chini yake. Hewa hugeuka baridi. Hata pasiponyesha, maji hudondoka, kwa sababu matone madogo ya ukungu hunaswa na majani na lile zulia la kijani, huungana, kisha hushuka udongoni polepole. Mvua ya milimani huzidi milimita 3,000 kwa mwaka, na msitu huu huipokea kama sifongo, ukiiachia kidogo kidogo katika vijito. Mahé hutegemea sana maji ya vijito hivyo. Mkazi wa Victoria anayefungua bomba anakunywa, kwa sehemu, wingu lililopita juu ya paa lake.

Jambo moja litawashangaza wanaozijua pepo za pwani. Kwetu kaskazi ni majira ya joto na ukavu. Huko Shelisheli mambo ni kinyume: kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndiyo inayoleta mvua kubwa, na kusi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndiyo majira makavu zaidi. Anayetaka kupanda mlima ni afadhali aende wakati wa kusi.

Ukale wa msitu huu una ushahidi mdogo sana kwa umbo. Yupo chura mmoja anayeishi Mahé na kisiwa jirani cha Silhouette ambaye hata akikua hazidi urefu wa milimita 11 hivi. Anaweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Hana sikio la kati, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hasikii. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba husikia kwa kutumia mdomo: uwazi wa ndani ya kinywa hukuza sauti na kuipeleka kwenye sikio la ndani. Hahitaji dimbwi ili kuzaa. Mayai yake hutagwa penye unyevu ardhini, na wanaoanguliwa ni vyura kamili, si viluwiluwi. Ukungu umewafanyia kazi ya dimbwi.

Ndugu wa karibu wa jamii ya vyura hao hawako Afrika wala Madagaska. Wako India, katika chura wa rangi ya zambarau aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 2003. Maelezo yamo katika mawe. Graniti ya Mahé ina umri wa takribani miaka milioni 750, na visiwa hivi ni vipande vya bara la kale vilivyobaki nyuma India ilipojitenga na kusonga kaskazini, miaka milioni 60 na zaidi iliyopita. Vyura walikuwamo tayari. Kuna pia bundi mdogo wa Mahé aliyedhaniwa kutoweka hadi alipogunduliwa tena mwaka 1959, katika milima hii hii.

Ndiyo maana wahifadhi wana wasiwasi. Hewa ikizidi joto, wingu hujifanya juu zaidi. Mlima mrefu una nafasi ya msitu kuhama kwenda juu. Mlima wa mita 905 hauna. Na mimea vamizi inapanda kutoka chini. Mtu angesema basi mdalasini ukatwe wote, lakini jambo si rahisi hivyo: ndege na popo wa asili sasa hula matunda yake, na penye uwazi wa ghafla huota mimea vamizi mibaya zaidi. Kazi inayofanyika ni ya subira, kuondoa kidogo na kupanda miti ya asili mahali pake.

Mji wa watoto

Katika kimo cha mita 450 hivi, kando ya barabara hiyo ya Sans Souci, njia fupi chini ya miti mikubwa humfikisha mgeni kwenye kuta za mawe zilizobomoka. Mahali hapo huitwa Mission Lodge. Mwaka 1876 jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ilijenga hapo shule ya bweni iliyoitwa Venn's Town, kwa ajili ya watoto wa Kiafrika waliookolewa utumwani na watoto wa waliookolewa.

Kuanzia mwaka 1861 manowari za Uingereza zilizokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi zilianza kuwashusha watu Mahé. Kwa jumla walikuwa zaidi ya 2,000. Wengi walitoka maeneo ambayo leo ni kusini mwa Tanzania, Malawi na kaskazini mwa Msumbiji, wakiwa wamepitia bandari za pwani yetu. Hawakurudishwa makwao. Sababu iliyotolewa ni kwamba wangekamatwa tena, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana usafirishaji wa watumwa kwa bahari ulipigwa marufuku katika milki ya Zanzibar mwaka 1873 tu, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba. Lakini ni haki kusema pia kwamba wenye mashamba wa Shelisheli walihitaji wafanyakazi. Watu wazima walikabidhiwa kwao kwa mikataba. Neno "kukombolewa", ambalo sisi watafsiri huliandika kwa wepesi, hapa lina uzito wa kupimwa.

Watoto wa Venn's Town walisoma, na walifanya kazi katika shamba la vanila. Mchoraji Mwingereza Marianne North alikaa hapo mwaka 1883. Mti mmoja wa asili wa visiwa hivyo umepewa jina la kisayansi linalotokana na lake. Majina ya watoto hayakupewa mti wowote. Shule ilifungwa mwaka 1889, na msitu ukaingia madarasani. Shelisheli imeyaweka magofu hayo katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yatambuliwe kuwa Urithi wa Dunia.

Kwa anayekusudia kwenda: viatu viwe vya kushika, maana mizizi huteleza hata siku ya jua. Njia ya Copolia, inayofika karibu mita 500, inatosha kwa asiyezoea kupanda, na kileleni, juu ya mwamba ulio wazi, kuna mimea yenye majani kama magudulia madogo yanayotega wadudu. Asichume. Morne Blanc, mita 667, njia yake huanzia karibu na kiwanda cha chai na ni kali zaidi, lakini humwingiza mtu ndani ya ukungu wenyewe. Hakuna nyoka wa sumu. Kuna tandu wakubwa, kwa hiyo mkono usiingizwe chini ya mawe.

Mission Lodge haihitaji kupanda. Mwisho wa njia, baada ya magofu, kuna banda la kutazamia lililojengwa kwa ziara ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1972. Limeelekea magharibi, upande wa Afrika. Ukungu ukiwa umetanda huonekana miti michache ya karibu tu. Inafaa kusubiri, mara nyingi hupasuka kwa dakika chache, bahari ikaonekana yote, kisha hufunga tena.