Usipunguze Upepo kwa Kuogopa Joto

Kabla ya safari ndefu, tuseme Dar es Salaam hadi Dodoma, wapo madereva wanaopunguza upepo kwenye matairi wakihofia kwamba jua litayapasua. Hofu hiyo inaeleweka, lakini wanachofanya huleta hatari ileile wanayoikimbia. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea kila linapozunguka. Kuta zake hujikunja na kujikunjua kwa kasi, zinapata moto, na moto huo ndio unaoachanisha mpira na nyuzi za ndani.

Watasema upepo huongezeka tairi likipata joto. Ni kweli, ila watengenezaji walishalihesabu ongezeko hilo: kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva ni cha tairi lililopoa. Basi pima asubuhi, gari halijatembea. Angalia na umri, maana mpira mkuukuu hauvumilii joto. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10, hata likiwa na mifereji yenye kina, libadilishe.